Paipu Niliyoikata Nyuma ya Karavani

Nimekuwa fundi wa mabomba hapa Gede tangu nilipotoka shule, na watu wananijua kwa mambo mawili: mkono mzuri na mdomo mrefu. Sijawahi kushindwa na bomba mbele ya mwenye nyumba. Nimeshindwa mara nyingi, lakini mbele ya mwenye nyumba hapana. Nitazunguka, nitapiga soga, nitaomba chai, nitarudi kesho, mpaka maji yapite. Haya ninayoyaandika ni ya mara moja ambapo maji yalipita, mwenye nyumba akafurahi, na mimi nikawa nimefanya jambo ambalo mpaka leo sijamwambia mtu.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu kutoka bara, mtu mpole, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine mfukoni. Nyumba yenyewe ilikuwa na magurudumu. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, ikakokotwa na lori kutoka Watamu mpaka kwenye kiwanja chake, magurudumu yakawekewa mawe, na mwalimu na mkewe wakahamia ndani. Wengine wakija pwani hujenga ukuta kabla ya nyumba. Huyu alikuja na karavani, na kijiji kizima kikaenda kuchungulia. Nami nilikwenda. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba vyombo kama vile mimi navijua ndani na nje. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeviona barabarani tu, vikipita.

Haukuisha mwezi, mwalimu akanipigia simu.

"Fundi, hii maji haitaki kwenda," alisema. "Mama akioga inamfika kwa miguu. Na inanuka."

Nikaenda. Karavani ina tangi bapa chini ya sakafu. Maji yote ya sinki la jikoni na ya bafuni huingia humo, na likijaa unafungua koki kwa chini unayamwaga mahali panapofaa. Choo kilikuwa na sanduku lake peke yake na hakikuwa na matata, basi nakiacha. Ubaoni karibu na mlango kulikuwa na kijitaa cha kuonyesha tangi limejaa kiasi gani, na kijitaa hicho kilisema nusu, hata baada ya mwalimu kulimwaga tangi lote. Nikamwambia hicho kinadanganya, mafuta yameganda kwenye kipimo chake, asikijali. Hapo nilisema kweli.

Akanieleza haraka yake. Jumamosi wakwe watarajiwa wa binti yake wangekuja kutoka bara kuona nyumba anayotoka. Hakutaka wapokewe na harufu. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikamwambia ikifika Jumatano atakuwa ameshasahau kama aliwahi kuwa na shida.

Kabla sijaingia chini ya karavani, nimtaje jirani. Kiwanja cha mwalimu kina mteremko mdogo, na chini yake, yapata hatua arobaini, alikaa bibi mmoja mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni kisima. Mumewe alikichonga kwenye jiwe kwa tindo na nyundo, mwaka mzima, na maji yakatoka matamu, wakati visima vya majirani wote vina chumvi. Basi kila asubuhi watu walipita kwake na ndoo, na kila mwenye ndoo alimwamkia shikamoo, akaulizwa habari za mgonjwa wake, mtoto wake, mbuzi wake. Akifa mtu, Mwislamu au Mkristo, maji ya kumwosha yalitoka pale. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bibi wa Kisima. Alifagia ukingo wake asubuhi na jioni, na ole wako ukanyage na viatu.

Siku ile ya kwanza aliniona nikitoka jasho, akaniita ng'ambo ya ua. "Mwanangu, njoo unywe. Hao wa bara wana maji ya chupa tu." Nikanywa kata mbili. Niseme wazi, sijapata kunywa maji mazuri kama yale mahali pengine.

Nilianza na koki ya kutolea maji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yangu. Ilikuwa imeshikwa na mchanga na mafuta, inafunguka nusu. Nikaing'oa, nikaweka mpya niliyoipata Malindi. Maji yakatoka, lakini kwa mikupuo, kama chupa iliyopinduliwa kichwa chini. Fundi mwenye akili angesimama hapo akaitafakari hiyo chupa. Mimi nilifunga spana zangu.

Jumanne mke wa mwalimu alioga, na maji yakampanda tena mpaka kwenye vifundo. Nikapitisha waya kwenye paipu zote, nikamimina maji ya moto na magadi, mafuta ya mwezi mzima yakatoka mabonge mabonge. Nikatangaza ushindi. Jumatano maji yalikuwa palepale. Mke wa mwalimu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuja akachutama karibu na miguu yangu iliyotokeza chini ya karavani.

"Fundi, nikioga ile sinki ya jikoni inakoroma. Na ikikoroma tu, maji ya bafu inashuka kidogo. Kwani zinaongea?"

"Mama," nikamwambia kutoka kule chini, "hata mimi hukoroma, na mabomba yangu ni mazima."

Alicheka kwa adabu akaenda zake. Yule mama alikuwa ameniambia ugonjwa na dawa kwa pumzi moja. Angekuwa mwanamume mwenye spana ningemsikiliza. Kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye mwiko, nikamfanyia mzaha.

Alhamisi nilishinda chini ya lile gari kutwa nzima, nikaangalia hata kwenye simu video za wazungu wanaopeleka karavani zao kwenye vituo maalumu vya kumwagia uchafu, wakitabasamu kana kwamba wanakwenda harusini. Haikunisaidia. Jioni mwalimu alinijia polepole, akavua miwani, akauliza kama tumwite fundi mwingine wa kunisaidia. Hakulisema kwa ubaya. Lakini liliniingia, na nililala nalo.

Ijumaa baada ya swala nilirudi. Mwalimu na mkewe walikuwa wamekwenda Malindi kununua vitu vya wageni. Nyuma ya karavani, upande wa mteremko, jiwe lilikuwa limejitokeza juu ya ardhi na lilikuwa na ufa mpana wa kuingiza mkono. Niliutazama ule ufa kwa muda.

Nyumbani kwetu maji ya kuogea hayana kesi. Bafu la makuti, mfereji mdogo, migomba; ndizi zinanenepa na hakuna anayeuliza. Nikajiambia haya nayo ni maji ya kuogea tu. Sikuwa nikijidanganya vizuri hata hapo. Yale ya nyumbani hufika kwenye udongo yakiwa bado mapya, na udongo huyachuja. Haya yalikuwa yameoza gizani pamoja na mafuta ya kukaangia, na pale hapakuwa na udongo, kulikuwa na tumbawe. Mtoto yeyote wa Gede anajua tumbawe lilivyo: limejaa matundu, ukimwaga ndoo hapa hujui itatokea wapi. Marehemu baba yangu alikuwa mchimba visima. Nilijua kuliko wengi.

Nikachukua msumeno nikaikata paipu kabla haijaingia kwenye tangi. Nikaunga kona mpya, nikaielekeza kwenye ufa. Kisha nikafungua koki, na tangi zima nikalimwaga humohumo, likapotea ndani ya jiwe bila kuacha hata tope. Nikafungua maji ya bafuni kujaribu. Yalikwenda yakikimbia. Nikasema, unaona, tangi ndilo lililokuwa bovu. Nikafunika ufa kwa jiwe bapa, juu yake mchanga, juu ya mchanga majani makavu.

Mwalimu aliporudi nilimwambia tangi limezibuka, na nimelitengeneza lijimwage lenyewe, asiliguse. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wakwe walikuja Jumamosi, wakala, wakaoga, wakamkubali binti. Kwa wiki kadhaa nilitajwa kwa wema katika kila nyumba ya watu wa bara kutoka Gede mpaka Watamu, na nilifurahi, nisiseme uongo juu ya hilo nalo.

Wiki ya tatu nilisikia dukani kwamba maji ya bibi yamebadilika. Mmoja alisema yananuka yai viza. Mwingine alisema wanawe wameharisha. Niliacha soda yangu nusu nikatoka nje, kwa sababu nilihisi watu wote wananitazama, na hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nikaenda kwa bibi. Sijui nilikwenda kufanya nini. Alikuwa ameketi ukingoni pa kisima, ndoo mbele yake, na mahali ambapo saa ile pangekuwa na foleni palikuwa na kuku.

"Hebu onja, mwanangu. Mimi mzee, ulimi wangu huenda wanidanganya."

Nikachota kwa kiganja. Sikuhitaji kuonja, harufu niliijua, nilikuwa nimelala chini yake siku tano. Lakini nikaonja, kwa kuwa aliniambia nionje. Kwenye ukingo wa ndoo kulikuwa na povu jembamba.

Alasiri hiyo wakaja majirani wanaume wanne watano. Walikuwa wameshaamua. Walipima kwa hatua kutoka choo chake cha shimo mpaka kisimani, wakapata hatua ishirini, wakatikisa vichwa. Choo kile kilikuwa pale tangu mumewe yuko hai, na maji yalikuwa matamu miaka yote hiyo. Bibi aliwaambia hivyo. Kisha akanyoosha kidole kwenye ndoo.

"Na hili povu? Choo chatoa povu?"

Wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Ningeweza kusema. Watu walikuwa wachache, kiwanja cha mwalimu kilikuwa pale juu, tungekwenda tukafunua jiwe na mambo yakaisha kwa matusi na aibu ya siku mbili tatu. Nilifikiria uso wa mwalimu. Nilifikiria dukani. Nikasema, "Choo kiko karibu, bibi. Povu huenda ni sabuni ya watu wanaonawa hapa."

"Hapa hapanawi mtu," alisema bibi. "Mimi simwachi mtu anawe hapa."

Lakini fundi alikuwa ameshasema, na wanaume wakaondoka wakizungumza mambo mengine.

Siku chache baadaye akafa mzee mmoja upande wa pili wa msikiti. Maji ya kumwosha yaliletwa kwa madumu juu ya mkokoteni, kutoka kwenye bomba la barabarani. Njia ya mkokoteni ilipita mlangoni pa bibi. Alikuwa ametoka na buibui lake tayari, na ndoo yake kubwa ameisugua kwa mchanga mpaka inang'aa, maana tangu aolewe katika kijiji kile hakuna maiti aliyeoshwa kwa maji ya mahali pengine. Msukuma mkokoteni alimwamkia huku akitazama mbele. Mimi nilikuwa nikitembea nyuma ya mkokoteni. Bibi akaingia ndani na ndoo yake.

Wiki hiyohiyo aliniita. Nilidhani amejua, na nilipokuwa njiani nilikuwa karibu kushukuru.

"Mwanangu, niharibie hiki choo," alisema. "Kijaze mawe. Wamesema ni chenyewe, basi na kiwe chenyewe. Mimi nataka kisima changu."

Nikakivunja. Nilivunja ukuta wa choo kisichokuwa na hatia, tofali kwa tofali, nikakijaza mawe na chokaa, naye akinikaangia mihogo. Nilikula mihogo hiyo. Nikamwambia nitamchimbia kingine mbali, upande wa barabara, na sitaki chochote. Akaniombea dua ndefu, mpaka nikajifanya nina simu ya kupokea. Shimo jipya lilinichukua siku nyingi, kwa sababu ya jiwe, na siku zote hizo mwanamke wa umri ule alikuwa akivuka njia na kopo mkononi kwenda kujisitiri kwa watu.

Kabla sijamaliza kuchimba nilikwenda kwa mwalimu. Nilimwambia nimekuja kuboresha kazi yangu, na kwamba tangu sasa atalimwaga tangi mwenyewe kama zamani, na akanishukuru kwa kuwa fundi anayefuatilia. Nikafunua jiwe, nikatoa kona yangu, nikaiunga paipu kwenye tangi kama ilivyokuwa. Nikafungua maji. Bafu likajaa. Sinki la jikoni likakoroma.

Mke wa mwalimu alikuwa mlangoni. Safari hii alirudi jikoni kwake, na nadhani nilistahili.

Nikakaa chini nikafikiri, kwa mara ya kwanza katika kazi ile yote. Maji yakitoka kwa mikupuo, sinki likikoroma kutafuta pumzi, basi kinachokosekana ni hewa. Tangi lile lina paipu nyembamba inayopanda ukutani mpaka juu ya paa ili hewa iingie maji yakishuka. Niliijua, nimefunga paipu za namna hiyo kwenye nyumba nyingi. Sikuwa nimepanda juu kwa sababu bati lilikuwa la moto na mimi ni mzito. Siku niliyokata paipu maji yalikimbia kwa sababu pale nilipokata ndipo hewa ilipoingia, wala tangi halikuwa na kosa.

Nikaazima ngazi nikapanda. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo mdomoni mwa ile paipu, ngumu na nzuri, imeziba kabisa. Niliibomoa kwa bisibisi. Nilisikia maji yote ya bafuni yakishuka kwa mara moja kule chini, na mke wa mwalimu akisema, "Haya!" Kazi yote haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilibaki juu ya lile paa, na kutoka pale niliuona ua wa bibi, kisima kimefunikwa kwa bati, na shimo langu la choo kipya halijafika hata nusu. Niliona haya mpaka nikashika ukingo.

Masika yakaja. Yalinyesha sana, na bibi na mimi tukayateka yale maji na kuyamwaga, tukayateka na kuyamwaga, mpaka siku moja alionja, akanipa kata nami nionje. Yalikuwa matamu. Watu walianza kurudi mmoja mmoja na ndoo zao. Nilidhani hapo ndipo nitakapopumua. Sikuwa nimefikiri kwamba kupona kwa maji ndiko kungemhukumu bibi. Walisema, si mnaona? Choo kimeondoka na uchafu umeondoka. Waliokuwa na shaka hawakuwa nayo tena, na baadaye bibi mwenyewe akaacha kubisha. Zamani alikuwa akiwauliza watu habari za nyumbani kwao wakiteka. Sasa alikuwa akiwaomba wachemshe kwanza.

Kwetu, siku za mwisho za Shaaban, kabla ya mfungo, watu huombana radhi. Wengi siku hizi hutuma ujumbe mmoja wa simu kwa watu wote, basi. Bibi hana simu. Alikuja kwa miguu, asubuhi, kanga safi na bakora, akapiga hodi kwangu. Nikamletea kiti. Akakataa kukaa.

"Sikai, mwanangu, nyumba ni nyingi. Nimekuja kutaka radhi. Nimewanywesha watu uchafu wa choo changu, nikaambiwa, nami nikabisha kwa kiburi cha kisima. Nawe ulikunywa. Nisamehe."

Mke wangu alikuwa ametoka na chai, amesimama nyuma yangu. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga juu ya paa lile, nikayapanga tena ndani ya shimo la choo, na yalikuwa machache tu: si choo chako, bibi, ni mimi. Nilifungua mdomo, mdomo wangu huu mrefu.

"Nimekusamehe, bibi," nikasema. Halafu, kwa kuwa ndivyo watu wanavyojibizana, na kwa kuwa ndilo neno la karibu zaidi nililoweza kulifikia, nikasema, "Na mimi unisamehe."

Alinishika mkono.

"Wewe? Wewe wanikosea nini? Walinikimbia wote, wewe ukanichimbia choo. Ndiyo maana nimeanzia kwako."

Akachukua bakora yake. Mke wangu aliniambia nimefanya vizuri, na akaniuliza kwa nini nasimama juani. Nilikuwa nasikiliza. Bibi alikuwa ameshafika nyumba ya pili, na alikuwa akipiga hodi.